Mikorosho ya Mpangaji

Mzee Abdalah alimpa mpangaji wake Saada notisi ya wiki mbili ya kuhama, kwa mdomo, huku akinywa supu yake ya bure.

"Mama Zulfa, wewe kwangu ni kama mwanangu," alisema akipangusa bakuli kwa kipande cha chapati. "Ndiyo maana nakwambia kwa upole. Nyumba ya uani nampa mwanajeshi."

Saada aliinua mwiko kutoka kwenye sufuria, akausahau hewani. Alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka kumi na moja. Alikuta kichaka, akakifyeka kwa mikono yake, na alijua bati lipi linavuja hata mvua ikiwa bado kijijini Naipingo.

"Kuna mwezi niliwahi kuchelewesha kodi, Mzee?"

"Hakuna. Ila sajenti analipa mwaka mzima kwa mkupuo. Tena akipita mtaani, watu wanasimama. Wewe ukipita, nani anasimama?"

Akaaga, akaacha bakuli.

Nachingwea imezoea kupisha. Bibi yake Saada alipisha mashamba ya karanga ya Waingereza, akaambiwa karanga hizo zinakwenda kuokoa dunia. Karanga ziligoma kuota, Waingereza wakafunga mizigo, shamba la bibi halikurudi. Mama yake akawapisha wapigania uhuru wa Msumbiji. Huyo alipisha kwa moyo mweupe, akahamia jikoni na watoto. Msumbiji ikawa huru, yeye akabaki jikoni. Sasa zamu ilikuwa ya Saada, na safari hii hata vita haikuwepo.

Kilichokuwepo ni bango. Lilisimama njia ya kambini, likisema kwamba nyumba za askari zitakamilika mwaka ambao Zulfa, binti yake Saada, alikuwa darasa la sita. Zulfa sasa alikuwa kidato cha nne. Nyumba zilikuwa zimefika kwenye lenta, na juu ya lenta kulikuwa na mbuzi. Askari nao ni watu, hawawezi kulala na mbuzi, basi wakashuka mjini na posho zao za pango. Mwenye nyumba huyu akamtoa nesi, yule akamtoa mwalimu. Wapangaji wakawanunia askari, kwa kuwa askari walionekana. Bango hakuna aliyelinunia.

Saada alitafuta chumba mji mzima, hakupata hata stoo. Akapanda basi kwenda Ruangwa kwa kaka yake Bashiri.

"Hapa ndiyo usiseme," Bashiri alimwambia. "Watu wa madini wamepanga mpaka mabanda ya kuku. Wamepiga rangi, wanayaita apatimenti. Nendeni kijijini Chunyu, nafasi tele."

"Na mtihani wa Zulfa? Kajiandikisha Nachingwea, anafanya mwezi wa kumi na moja. Atakuwa anatembea kutoka Chunyu?"

Bashiri akamsindikiza stendi. Saada akarudi, akajibanza yeye na Zulfa kwa rafiki yake Domitila, chumba kimoja watu sita. Domitila aliwapokea vizuri, ila alisema wazi: mwezi wa kumi mume wake anarudi kutoka Mtwara, na mume wake hulala amejinyoosha, tena anakoroma.

Mwezi wa saba, mikorosho ilipoanza kutoa maua, Saada aliazima mashine ya kupulizia. Alfajiri, majani yakiwa bado na umande, akaingia katika ua wa Mzee Abdalah na kuipulizia salfa mikorosho mitano aliyoipanda mwenyewe, mstari mmoja mpakani. Unga wa njano ulipanda juu, ukatulia kidogo kama unafikiri, kisha ukashuka juu ya kamba ya nguo. Sajenti Eliudi alitoka na mswaki mdomoni, akakuta gwanda lake limekuwa rangi ya embe.

"Mama, wewe nani?"

"Mwenye mikorosho, afande. Napulizia dawa, maua yasiliwe na ubwiriunga."

Sajenti alikuwa mtu wa Mara, korosho alikuwa anazijua zikiwa kwenye pakiti. "Mikorosho si ya mwenye nyumba?"

"Muulize."

Mzee Abdalah alikuja mbio, shuka kiunoni. Alisema huyu mwanamke ni mvamizi, na wote watatu wakaelekea ofisi ya mtaa, Sajenti akiwa bado na madoa ya njano.

Mwenyekiti Saturnini aliwasikiliza, kisha akavuta daftari la mihtasari na kulipuliza vumbi. Miaka saba nyuma, jirani alikuwa amedai kwamba mpaka wa Mzee Abdalah umeingia kwake. Mzee alisimama katika ofisi hiyohiyo kujitetea, na maneno yake yaliandikwa. Saturnini aliyasoma polepole:

"Mimi Abdalah natamka kuwa mikorosho mitano iliyoko mpakani ilipandwa na mpangaji wangu Saada, kwa ruhusa yangu, na ni mali yake. Mtu hawezi kupanda mali yake katika ardhi isiyo ya mwenye nyumba wake. Kwa hiyo ardhi ni yangu."

Wenye nyumba wote wa Nachingwea wanajua jambo moja: mpangaji mruhusu alime mchicha, alime bamia, lakini mti wa kudumu asipande, maana mti ni wa aliyeupanda, hata ardhi iwe ya nani. Mzee Abdalah alilijua. Ila siku ile alikuwa anashinda kesi.

"Basi nitaikata," alisema.

"Ikate," Saturnini alimjibu. "Umlipe Saada miti yake, halafu jirani aje tuanze upya habari ya mpaka. Bado anaukumbuka."

Mzee Abdalah akakaa. Saturnini akaandika kwamba Saada ataihudumia mikorosho yake msimu wote, kama ilivyo desturi. Saada aliomba asomewe tena hapo kwenye "kama ilivyo desturi." Akasomewa. Akashukuru, akaondoka.

Mwezi wa kumi mume wa Domitila alirudi, na korosho zikaanza kuanguka. Siku hiyohiyo Saada aliingia uani na mianzi, nyasi, sufuria, godoro na Zulfa. Kufika jioni kibanda kilikuwa kimesimama chini ya mkorosho wa tatu, ambao kivuli chake ni kizuri kuliko vyote. Rahel, mke wa Sajenti, alikuwa amewaazima nyundo, akawavutia na waya wa taa kutoka barazani ili Zulfa asome.

Mzee Abdalah alisimama mbele ya kibanda, asiamini macho yake.

"Mama Zulfa, hiki nini?"

"Nalinda korosho, Mzee, kama ilivyo desturi. Wewe msimu wa korosho unalala wapi?"

Kila mtu alijua anakolala. Alikuwa akilala shambani kwake Naipingo, kwenye kibanda kama hicho, kama babake alivyolala. Akamgeukia Sajenti aliyekuwa anafunga kamba za viatu mlangoni.

"Afande, nisaidie. Mwondoe huyu."

Sajenti alimaliza kiatu cha kwanza, akahamia cha pili. "Mzee, mimi hapa ni mpangaji tu," alisema. "Nasikia mpangaji wa hapa huwa anapewa wiki mbili."

Asubuhi ya mtihani, Zulfa alitoka kibandani na sare iliyopigwa pasi ya Rahel. Sajenti alikuwa anatoka pia. Walisalimiana, wakaongozana hadi barabarani, mmoja akaelekea shule, mmoja kambini, kupita lile bango. Saada aliwatazama mpaka wakapotea, kisha akainama kuokota korosho.

Mzee Abdalah alikuwa amesimama kwenye mpaka wake, mikono nyuma.

"Hivi utakaa hapa hadi lini?"

"Hadi korosho ya mwisho ianguke."

Mzee aliinua uso kukadiria. Upande wa mashariki korosho zilikuwa zinaanza kuisha matawini. Upande wa magharibi, mikorosho ilikuwa bado inatoa maua.