Kwangu Inafanya Kazi

Nilibonyeza "Fungua" mara ya thelathini na moja kwenye kompyuta ya daktari, na kivinjari kikanijibu yale yale: imeshindikana. Kwa nini, hakisemi. Hakisemi kamwe, na hilo peke yake linatosha kumpandisha mtu presha kabla ya saa nne asubuhi.

Upande wa pili wa kabati la glavu, shemeji yangu alikuwa akinywa chai. Yeye ndiye mwenye seva ya zahanati. Mimi ndiye mwenye kurasa anazofungua daktari. Nimempachika jina la Kwangu-Inafanya, maana hana jibu lingine.

"Dada, mwambie mumeo haifunguki."

Dada yangu alikuwa ameketi katikati yetu kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Akageuza shingo. "Anasema haifunguki."

"Mwambie kwangu inafanya kazi."

Wiki ya tatu hiyo tulikuwa tumenuniana, tangu aliposema mbele ya watu kwamba kazi yangu ni kupaka rangi vitufe. Mfumo mzima tuliujenga kwa kumtuma dada. Kila mtu alizifunga namba zisisomeke na kuzifungua kwa programu yake mwenyewe, akaona mambo safi, akaenda kula.

Lakini siku hiyo dada hakuja kutumwa. Mimba mbili zimeshamtoka. Ya tatu ni changa, na daktari alitaka kulinganisha kipimo cha damu cha Jumatatu na cha leo, Jumatano: namba ikipanda vizuri, kuna matumaini, isipopanda, ndiyo basi tena. Ya leo, baada ya kutuona tunahangaika, daktari aliagiza itolewe kwenye karatasi. Ya Jumatatu ilitoka mashineni ikaingia kwenye seva na kufungwa bila mtu kuiona.

Ndivyo tulivyotaka wenyewe. Seva inafunga kwa ufunguo wa wazi, ambao hata ukibandikwa mlangoni hauna madhara. Kufungua ni kwa ufunguo wa siri tu, uliomo ndani ya kivinjari cha daktari, na mimi nilihakikisha hautoki humo kwa namna yoyote. Shemeji akahakikisha namba ikishafungwa, nakala yake inafutwa. Tulijisifu sana, kila mtu kivyake.

"Muulize amefunga kwa hesabu gani ya kuchanganya."

"Si nilikuletea jibu juzi?" dada akasema kwa uchovu. "Mia mbili hamsini na sita."

"Na mimi nimeweka hiyo hiyo! Sasa huyu mtu ana nini?"

Uvumilivu ukaniisha. Nikalizunguka kabati, nikamsogeza shemeji na kikombe chake, nikaisoma programu yake kwa macho yangu. Mstari wa arobaini ndio ulionimaliza. Kufunga huku kuna hesabu mbili za kuchanganya, ya nje na ya ndani, na kivinjari hakikubali mpaka zifanane.

"Mbona ya ndani umeacha ya zamani?"

"Nilisema! Nilimwambia: ya nje mia mbili hamsini na sita, ya ndani nimeiacha ya zamani."

Tukamtazama dada. Siku ile alikuwa akiepua sufuria, na hata hiyo nusu aliyoifikisha hakuielewa. Nikaona aibu kumtazama, nikageukia kioo cha kompyuta.

Shemeji akarekebisha mstari mmoja, akafunga namba ya majaribio, nikaifungua. Ikafunguka mara moja. Nilitamani kuirusha kompyuta nje.

"Haya, na yangu ya Jumatatu?" dada akauliza.

Shemeji akakiweka kikombe chini. Nikajibu mimi. "Ile ilishafungwa vibaya. Ingefunguka nje ya kivinjari, kama ufunguo ungetoka. Hautoki. Nilizuia mimi."

"Na nakala nilifuta mimi," shemeji akasema polepole.

"Kwa hiyo?"

"Watapima tena Ijumaa, walinganishe na ya leo."

Siku mbili nyingine za kwenda chooni na kuogopa kutazama kama kuna damu. Dada akaukumbatia mkoba.

"Kamwambieni daktari," akasema. "Mimi situmwi tena."

Tukasimama wawili mbele ya mlango wa daktari, bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa na wa kumtanguliza.