Shingo ya Sitwayeni Kakule

Mimi ni Assani. Katika kampuni ya bandari ya Kindu, kazi yangu ilikuwa kukagua maiti: waliozama mto Lualaba, waliopondwa na mabehewa. Mikono ilikuwa michafu saa zote, kwa hiyo nilikagua nikisema kwa sauti, karani akaandika. Shingo kwanza. Kisha macho. Kisha mdomo.

Nilizoea. Halafu ikazama ile boti ya kutoka Ubundu, na watoto wakapangwa gatini kama mihogo ya kuanikwa. Niliwakagua wote. Tangu hapo nikiona mtu amelala, mkono unaenda wenyewe shingoni mwake. Abiria kituoni, mlinzi mlangoni, mke wangu kitandani. Kampuni ikasema ni pombe, ikanifukuza. Pombe mimi sijaionja tangu nizaliwe.

Nikaenda mahakamani. Nilitaka jambo moja: waseme ni kazi iliyoniumiza, wanitibu na kunilipa kama mtu aliyekatwa mkono na behewa.

Sitwayeni Kakule, mkubwa wa wafanyakazi, alikuja kuisemea kampuni; enzi hizo za Zaire kila raia aliitwa sitwayeni.

"Sitwayeni hakimu, mukono uliovunjika ninauona. Ugonjwa wa huyu uko wapi? Atuonyeshe!"

Nikaita shahidi wangu mmoja. Hakimu akaanza kumhoji mke wangu, Mama Bulaimu, na maswali yalikuwa marefu. Ilikuwa saa nane mchana, bati linawaka, na Kakule alikuwa ametoka kula bukari, ugali wetu mzito, na sombe ya majani ya muhogo. Kichwa chake kikaanguka nyuma, mdomo ukaachama.

Sikumbuki kusimama. Nilikuta vidole vyangu viko shingoni mwake na sauti yangu imejaa chumba: "Mwanaume. Mnene. Shingo haina alama. Jicho la kushoto..." Nikamfunua kope.

Kakule akaruka. "Wee! Unaniua!"

Nami nikapiga yowe, maana maiti alikuwa amesema. Nikaketi sakafuni mbele ya watu wote.

Mama Bulaimu hakushtuka hata kidogo. "Ndio vile ananifanyiaka nyumbani," akamwambia hakimu. "Kila siku ninakufa, kila siku ninafufuka."

"Anaigiza huyu!" Kakule akafoka.

"Ulimwona saa ngapi, sitwayeni?" hakimu akamuuliza. "Wewe ulikuwa maiti."

Watu walicheka, hata askari wa mlangoni. Hakimu akagonga meza.

"Uliomba uonyeshwe, umeonyeshwa. Huyu muntu ameumia kazini. Kampuni itamtibu, na itamlipa kama aliyevunjika mukono."

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Mama Bulaimu alitangulia kutoka, kilemba juu, kama bibi harusi. Uani Kakule akanishika bega, bado anajipapasa shingo.

"Baba Bulaimu, niambie kweli. Nilikuwa nimekufa na nini?"

"Bukari," nikamwambia. "Tafuta karani aandike."