Skila na Kionodoksa

Kazi aliyoiomba binti yangu ilikuwa ya kutunza bustani ya umma karibu na kwetu Lewisham, Uingereza, na kuwatembeza wageni. Msimamizi wa bustani, Bwana Ravinder, Singasinga aliyezaliwa Kisumu na anayeishi Southall, alimwambia binti yangu Gakii alete kikundi cha watu wasiojua maua. Awatembeze. Wakimaliza wakiweza kutofautisha skila na kionodoksa, kazi ni yake. Wasipoweza, wapo wengine wanaoingojea.

Maua hayo ni madogo, ya buluu, huchanua Machi chini ya miti, na ukiniuliza mimi ni ua moja tu. Gakii alikuwa ameyasomea. Mimi nina diploma ya uuguzi, na nilitaka asome kitu cha maana zaidi. Nilimwambia hivyo, akaenda chuo cha bustani bila kunijibu. Lakini kazi ni kazi, na mtoto ni wangu. Nikaleta akina mama wa kanisani, wengine wazee waliokuja kuwaona wajukuu na wasiojua Kiingereza.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Gakii alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa, ila ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza. Bwana Ravinder akasema tumtafutie mtu wa kutafsiri. Yeye mwenyewe Kiswahili chake cha Kisumu hakijapotea, angefuatilia. Nikajitolea.

Gakii akaanza kueleza kwa Kiingereza kwamba maua hayo huota kutoka kwenye “bulb”.

"Yanatoka kwenye balbu," nikatangaza.

Gladness, Mtanzania mwenye mdomo, akatazama ardhini. "Balbu, Mama Gakii? Na swichi iko wapi?"

Mwingine akauliza kama umeme ukikatika yananyauka. Nilijaribu kueleza, nikazidi kuharibu. Bwana Ravinder akashika ndevu zake.

"Mama, niachie," Gakii akasema, kwa Kiswahili. "Ni vitunguu. Vitunguu vya maua. Haviliwi."

Nikampisha, jambo ambalo sijalizoea.

Nyumbani alikuwa amefanya mazoezi mbele yangu: skila huinamisha kichwa, kionodoksa hutazama juu na ina weupe katikati. Lakini asubuhi ile kulikuwa na baridi na mvua ilikuwa imenyesha. Yote yalikuwa yamejikunja na kuinama. Gladness akasema yeye haoni tofauti, twende tukanywe chai. Bwana Ravinder alimtazama Gakii tu.

Gakii akapiga magoti kwenye matope, akachuma moja la kila aina, akayafungua kwa kucha.

"Anti Gladness, njoo uone. Achana na kichwa. Angalia hizi nyuzi za katikati. Skila, nyuzi zake ni nyembamba, kila moja imesimama peke yake. Kionodoksa, zake ni pana, nyeupe, na zimebanana. Kama nyinyi mkitoka kanisani na mna habari ya mtu."

Walicheka hadi mmoja akashika mti. Gakii akaendelea na somo lake, akikosea ngeli huku na huku, na hakuna aliyemsahihisha, hata mimi.

Kisha Bwana Ravinder akachuma maua mwenyewe, akampa kila mtu lake. Bibi Annonciata, mgeni kutoka Bukavu, akasema skila. Haikuwa skila. Gakii hakumpa jibu. Alimwuliza taratibu kama nyuzi zimebanana au zimeachana. Bibi akalisogeza ua karibu na jicho, akajicheka, akabadilisha jibu.

Gladness alikuwa wa mwisho. Akavaa miwani, akalifungua lake.

"Hawa wanasengenya," akasema. "Kionodoksa."

"Ndiyo yenyewe," Bwana Ravinder akasema. Akamgeukia Gakii, naye pia kwa Kiswahili: "Anza Jumatatu. Uje na buti."

Gakii hakuruka wala kulia. Alijibu asante, akarudi kumwinua Bibi Annonciata aliyekuwa bado ameinamia maua. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Mwanamume mmoja alikuwa akipita na mbwa wake, nikamsimamisha nikamwambia yule pale mwenye matope magotini ni binti yangu, na ndiye mtunza bustani hii. Akanipa hongera. Alipotaka kuondoka nikamwambia angoje kwanza, nikachuma ua, nikalifungua kwa kucha, nikamwonyesha kwa nini hiyo ni skila.