Mkunjo wa Nane

Fundi cherehani alikuwa amesimama juu ya kiti, kitabu amekiinua, akiwaeleza watu waliojaa ukumbini jinsi riwaya ile ilivyomrudisha nyuma. Alifika ukurasa wa mia moja ishirini na nane, alisema, akafunua unaofuata, na badala ya mia moja ishirini na tisa akakuta mia moja kumi na tatu. Yule kaka wa kwenye hadithi, aliyebisha mlango wa dada yake mpaka akachoka akaondoka, alikuwa anabisha tena.

"Nikasema, huyu mbona karudi?" fundi alisema. "Halafu mwili ukanisisimka. Hajarudi kwa dada yake. Karudi kwangu mimi, maana mara ya kwanza sikufungua."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kila mtu alikuwa na nakala yake mapajani, na wengi walikuwa wameifungua palepale, wakimwonesha jirani ukurasa wa mia moja kumi na tatu kama watu wanaooneshana picha za mtoto. Jirani naye alikuwa na wake uleule. Hilo halikuwazuia kushangaa upya.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti na mifuko miwili mizito miguuni pake. Ndani ya mifuko mlikuwa na nakala thelathini na tisa za riwaya hiyohiyo, nzima, hazina mkwaruzo. Alitumwa na kiwanda cha vitabu azibadilishe: atoe nzima, achukue mbovu, arudi nazo kiwandani kabla ya saa kumi na moja. Bosi hakuzunguka mbuyu. Asiporudi nazo, Jumatatu aende chumba cha kufungasha maboksi, na meza yake apewe mtu mwenye macho. Kila makofi yalipopigwa, Shangazi aliiona meza ikimponyoka.

Maana kosa lilikuwa lake, la mikono yake mwenyewe.

Meza yenyewe haikuwa ya kukalia, ilikuwa ya kuzunguka. Karatasi kubwa zikishachapwa hukunjwa zikawa vijitabu vya kurasa kumi na sita, ambavyo kiwandani waliviita mikunjo, na mikunjo hupangwa mezani kwa marundo, kuanzia wa kwanza hadi wa kumi na nne. Shangazi aliizunguka meza akiwa amevaa kofia ndogo ya mpira kwenye kidole cha shahada, akichomoa mkunjo mmoja katika kila rundo, na alipomaliza duara mkononi alikuwa na kitabu kizima kinachosubiri gundi. Kwenye mgongo wa kila mkunjo palichapwa doa dogo jeusi, na kila doa lilikaa chini kidogo kuliko la mkunjo uliotangulia. Kitabu kilichopangwa sawasawa kilikuwa na ngazi mgongoni. Ngazi ikikatika, ujue kuna mkunjo umepotea au umejirudia.

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna ngazi iliyokatika iliyotoka mezani kwake. Alijivunia jambo hilo, na ambaye hakulijua alijulishwa. Kiwanda kizima kilimwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Bosi mwenyewe, ambaye enzi za baba yake alikuwa akija na madaftari ya shule na kufanyia hesabu zake chini ya meza hiyo, Shangazi akizunguka.

Basi siku ya kosa lile, saa nne asubuhi, rundo la saba lilikuwa limekwisha. Shangazi alikuwa njiani kwenda kwenye shubaka kuchukua rundo jingine pale simu yake ilipotetemeka. Akatazama jina. Alikuwa mdogo wake. Walikuwa hawajasemezana tangu matanga ya mama yao, miaka sita iliyopita, siku walipogombania nani alimuuguza zaidi na mdogo mtu akamwambia mbele ya wageni: "Wewe unajua kupanga karatasi tu. Watu huwajui."

Shangazi hakupokea. Aliilaza simu kifudifudi mezani, pale palipokuwa pa rundo la saba, akaiacha itetemeke mpaka ikachoka. Kisha akaenda shubakani na mikono yake, kichwa kikabaki nyuma. Mikono ikaleta rundo la nane, ikaliweka mahali pa saba. Alizunguka hivyo mara arobaini, nane na nane, bila kukagua ngazi hata moja, halafu akatoka nje kuvuta hewa. Aliporudi, vitabu vilikuwa vimekwenda kwenye gundi.

Sasa, riwaya yenyewe ilikuwa inahusu mwanamke anayefuata sadfa moja hadi nyingine, akiamini kwamba hakuna watu wanaokutana hivihivi, kuna nguvu inayopita baina yao. Mpe msomaji wa kitabu kama hicho kurasa kumi na sita zinazojirudia, uone kama atakirudisha dukani. Lalamiko lilikuwa moja tu, kutoka kwa mwandishi mwenyewe, muuguzi mstaafu, ambaye aliinunua nakala yake kwa furaha na kuileta kiwandani siku iliyofuata akiwa analia. Zile thelathini na tisa zilikuwa zimechukuliwa na kundi moja la wasomaji, na kundi hilo ndilo lililojaa ukumbini.

Mwandishi alikuwa ameketi mbele, na tabasamu lake lilikuwa likipungua kadiri shuhuda zilivyoongezeka. Dereva wa lori alisimama akasema alizisoma kurasa za kurudia akiwa kituoni, akageuza gari kwenda kumwomba radhi mkewe, na alipofika nyumbani akakuta jiko limesahauliwa linawaka na mke hayupo. Mama mwenyekiti wa kundi alikuwa foleni ya zahanati, akainua macho, na mgonjwa wa pembeni yake alikuwa ukurasa uleule. Wengine walitia chumvi, hilo halina shaka. Lakini nyuso zao zilikuwa zinang'aa, wakikatizana maneno na kucheka, na Shangazi alijikuta amesogeza kiti chake mbele ili asikie vizuri.

Mkunjo wa saba haukutajwa na mtu. Zilikuwa kurasa kumi na sita za safari ya ziwani, na mwandishi alizihangaikia miezi mitatu. Alipouliza kwa sauti ndogo kama hakuna aliyeona pengo baada ya ukurasa wa tisini na sita, kijana mmoja akajibu kwamba aliliona, tena lilimfundisha kuacha mambo mengine yapite. Mwandishi akamshukuru.

Shangazi alikuwa amekuja na uongo wake mfukoni. Alipanga kusema kwamba hizi alizoleta ni toleo lililoboreshwa, watu wabadilishe, aondoke zake. Akainyanyua mifuko akamfuata fundi cherehani, aliyekuwa ameshuka kitini na kuketi karibu na mzee mmoja mwenye pua kama yake. Walikuwa wameshikana mikono, watu wazima wale. Kabla Shangazi hajafungua kinywa, fundi akamtambulisha: huyu ni kaka yake, miaka kumi na moja hawakuonana, amefika Alhamisi.

Uongo akauacha mfukoni. Angesema kweli je? Kweli ingemrudishia vitabu vyote kwa dakika tano, na meza yake ikapona. Lakini mtu huyu angejua kwamba alichokiita ishara kilikuwa uzembe wa mwanamke mmoja. Akasimama pale, na hapo nyuma yake mama mwenyekiti akaanza tena kuisifu ile nguvu iliyozipanga kurasa kwa hekima kubwa namna ile. Shangazi akahisi kitu kinampanda kifuani, na wala hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa ngazi nzima, na leo anasifiwa mwingine kwa iliyokatika.

"Si nguvu," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mimi."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Akawaeleza yote: meza, marundo, madoa meusi. Akachukua nakala ya fundi, akavuta jalada kidogo kwenye mgongo na kuwaonesha mahali ngazi ilipokatika, madoa mawili yamekaa sambamba. Aliomba radhi. Alisema ni kosa, kosa tupu la kazi, na kwenye mifuko ana nakala nzima za kuwapa.

Fundi cherehani aliyatazama yale madoa mawili. Mwenye kazi ya mikono hujua kosa la mikono. Alishawahi kushona mkono wa kushoto kulia, na alijua kwamba haitokei hivihivi.

"Siku hiyo ulikuwa na nini, dada yangu?" aliuliza.

Shangazi alikuwa na majibu mengi ya uongo, lakini alikuwa amechoka. "Mdogo wangu alinipigia simu," alisema. "Sikupokea."

Mama mwenyekiti akaketi taratibu, mkono kifuani, na dereva wa lori akasema neno moja tu, "Alibisha," na hapo ukumbi ukachemka. Watu walisimama, viti vikaanguka. Walimzunguka Shangazi wakamshika mabega, wakataka kujua simu ililia saa ngapi, aliilaza wapi, na aliposema aliilaza mahali pa rundo la saba, bibi mmoja alilia waziwazi. Habari ya kubadilisha vitabu haikuwepo tena. Walijipanga mstari, kila mmoja akiwa amefungua ukurasa wa mia moja kumi na tatu ule wa pili, wakimtaka atie saini.

Alitia saini, angefanyaje? Thelathini na nane alizitia, na katika maisha yake hakukumbuka siku aliyofurahi na kuogopa kwa pamoja kiasi kile. Nakala ya thelathini na tisa ililetwa na mwandishi, aliyeiazima kwa fundi.

"Na wewe mwenyewe umeuonaje huu mkunjo wa nane?" mwandishi alimuuliza. Hakuwa na hasira tena, alionekana kutaka kujua tu. "Ulipousoma, ulihisi nini?"

"Sijausoma, mama. Mimi huwa sisomi. Napanga tu."

Maneno yakatoka, na Shangazi akayasikia kwa sauti ya mdogo wake.

Alifika kiwandani saa kumi na moja kasoro, mifuko mizito vilevile, akijua ameshamwaga unga. Bosi alikuwa anamsubiri penye meza, simu mkononi. Mwenye duka alikuwa amempigia mara tatu. Habari zimeenea, watu wanazitaka zile zenye kubisha mara mbili, wanataka mia moja kwa kuanzia, na mwandishi amekubali ilimradi safari ya ziwani irudi mahali pake.

"Kwa hiyo, Shangazi," Bosi alisema, akikwepa macho yake, "unaweza kukosea tena hivyohivyo? Nane mara mbili tu. Meza inabaki yako."

Shangazi aliweka mifuko chini. Alikuwa akiitaka meza ile kuliko kitu chochote, na kwa muda wa pumzi moja alikaribia kukubali. Kisha akavua kofia ya mpira aliyoisahau kidoleni tangu asubuhi, akaiweka mezani mbele ya Bosi.

"Ile ilitokea," alisema. "Nikiifanya kwa kusudi itakuwa uharibifu. Mimi ngazi sikati, mwanangu. Mtafute mwingine."

Bosi aliitazama ile kofia ndogo. Akainama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, akatazama chini ya meza, penye ubao ulioandikwa hesabu za kujumlisha kwa kalamu ya zamani. Alipoinuka alikuwa anakuna kichwa.

"Basi Jumatatu uwahi," alisema. "Mzigo ni mkubwa, na zote zitoke nzima." Akamrudishia kofia, akaenda zake ofisini kumpigia mwenye duka.

Jua la jioni lilikuwa limeingia mpaka nusu ya chumba. Mashine zilikuwa zimezimwa, na Shangazi alibaki peke yake. Juu ya shubaka ilikuwepo ile nakala ya arobaini, aliyoileta mwandishi kwa machozi. Akaichukua, akapapasa mgongo wake, kisha akaifungua na kuusoma mkunjo wa nane kwa mara ya kwanza, akiwa amesimama, midomo ikichezacheza. Kaka anabisha. Dada yuko ndani, amekaa kitandani, anasikia. Kaka anaondoka. Akafunua ukurasa. Kaka anabisha.

Shangazi alifunga kitabu. Alitoa simu, akaitazama kwa muda, akabonyeza jina ambalo hakuwahi kulifuta. Aliilaza mezani uso ukiwa juu, mahali pa rundo la saba, spika ikiwa imewashwa. Kusimama hakuweza, kwa hiyo akafanya alichokijua: akavaa kofia kidoleni akaanza kuizunguka meza. Akachomoa wa kwanza, simu ikaita. Akachomoa wa pili, ikaita. Wa tatu, wa nne. Alikuwa akitembea upesi kuliko kawaida yake. Wa tano. Wa sita ukamteleza, akauokota sakafuni, simu ingali inaita.

Alipofika mahali pa saba, mlio ukakatika, na upande wa pili mtu akavuta pumzi.