Kuni Mlangoni kwa Habo Kinsi

Filamu ilioneshwa saa tisa mchana ndani ya ghala la mahindi, madirisha yamezibwa kwa blanketi za polisi, kwa kuwa ikifika saa kumi na mbili hakuna aliyeruhusiwa kuonekana nje ya nyumba yake. Ulikuwa mwaka wa 1967. Kijiji chenyewe kilikuwa na umri wa miezi minane. Serikali iliwakusanya wafugaji kutoka malishoni, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Hulugho, ikawazungushia waya na kuwaambia kwamba atakayekutwa nje bila ruhusa atahesabiwa shifta, mwasi wa porini.

Salat, mwalimu pekee wa kijiji, kijana wa Garissa mjini, ndiye aliyetakiwa kufasiri. Inspekta wa polisi hakuficha nia yake. Alitaka watu wote wakae ghalani ili askari wapekue nyumba bila kusumbuliwa. Musyoka, fundi wa gari la sinema, alifungua mkebe ulioandikwa kilimo cha pamba akakuta filamu nyingine kabisa, ya Wazungu, ambayo hata yeye hakuwahi kuiona. Inspekta alisema hata ikiwa ni harusi ya nyani, iwashwe.

Ilikuwa hadithi ya kijiji fulani cha Ulaya ambako watoto walikuwa wakifa. Wanawake walikutana kwa siri kumwabudu shetani. Moshi ulifuka, ngoma ikapigwa, na katikati yao alilala mgonjwa aliyefunikwa shuka kutoka kichwani hadi miguuni. Watu mia tatu walimtazama Salat awaambie wanaona nini. Chuoni alifundishwa kwamba jambo geni hufafanuliwa kwa jambo linalojulikana, basi akasema ni kama ngoma ya saar, ile ya kumtuliza jini aliyempanda mtu.

Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea pembe ya nyuma alikokaa Kinsi.

Kinsi alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, na kijiji kizima kilimwita Habo, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo. Alikuwa na ngoma moja na chetezo kimoja, na wanawake waliokimbiwa na usingizi walimwendea awapunge. Ndiye pia aliyempikia Salat tangu alipofika. Yeye peke yake hakuona vichwa vile. Alikuwa ameinama, akikohoa kwenye pindo la ushungi wake.

Mwisho wa filamu wanakijiji walimfunga mwanamke mmoja kwenye nguzo. Kila mtu alileta kuni, wakamchoma. Mvua ikanyesha, watoto wakatoka mbio nyumbani mwao, wamepona. Salat alifasiri yote hayo kwa usahihi, bila kuongeza wala kupunguza.

Asubuhi yake palikuwa na vijiti vinne vya kuni mlangoni kwa Kinsi. Adhuhuri vilikuwa kumi na vinne. Kuni pale zilikuwa haba kuliko nyama. Wanawake walitolewa nje ya waya mara mbili tu kwa juma, askari nyuma na mbele, na mzigo ulioletwa haukugawiwa hata jirani.

"Wamenikumbuka," Kinsi alimwambia Salat, akimsogezea chai. "Tangu kikohozi hiki kinishike sijatoka kuokota kuni. Na wewe kila siku unasema watu wa hapa wamekauka roho."

Alikuwa ameshatia ukuni mmoja jikoni, ule mnene kuliko yote. Salat alishika kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha, lakini alikiweka kikombe chini.

Alijaribu kufikiri kama alivyozoea. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamekufa tangu Ramadhani, kwa surua. Mganga wa serikali alifika mara moja, akaiandika, akaondoka. Hayo ndiyo yaliyokuwa kweli, na Salat alikwisha kuwaeleza watu zaidi ya mara moja. Walimsikiliza kwa adabu. Ila kinacholeta surua hawakuwahi kukiona, na moshi na ngoma waliviona kwa macho yao.

Jioni ile alimkuta Timiro, mama mwenye mtoto mgonjwa, akisimamisha kijiti kingine ukutani kwa Kinsi, polepole, kama mtu anayepanga vyombo. Alimuuliza anafanya nini.

"Maalim, wewe si ndiye uliyetuonyesha?"

Alisema bila hasira. Akamwambia kuwa ile ilikuwa michezo ya Wazungu, watu waliolipwa kuigiza, na yule mwanamke alikwenda nyumbani kwake baadaye akala chakula cha jioni.

"Nina mmoja tu aliyebaki," Timiro alisema. "Lul ana moto mwili mzima. Ijumaa askari wengi watausindikiza msafara wa malori. Ijumaa ndiyo siku."

Ilikuwa Jumanne.

Salat alimwendea sheikh. Sheikh alijibu kuwa kumchoma mtu ni haramu na ngoma ya saar ni haramu, kisha akarudi kwenye tasbihi yake. Alifikiri kwenda kwa inspekta, akafika hadi kwenye kizuizi cha polisi, akasimama. Mwezi uliotangulia mtu mmoja alipeleka habari pale, na wanaume kumi na wawili wakapakiwa kwenye lori. Waliorudi ni wawili. Akageuka.

Jumatano kuni zilifika kiunoni. Kinsi alizipanga vizuri, nene chini, nyembamba juu, akiwaombea dua walioleta. Salat alimtaka asifungue mlango baada ya adhuhuri, kisha akashindwa kumweleza kwa nini. Ukimwambia mtu kwamba majirani zake wanampimia moto, unaanzia wapi?

Alhamisi inspekta aliwaita watu ghalani tena, maana upekuzi haukukamilika. Musyoka hakuwa na filamu nyingine.

Safari hii Salat alisimama karibu zaidi na kitambaa cha sinema. Picha hakuweza kuzibadilisha, hivyo alibadilisha maneno. Wanakijiji wa kwenye filamu walipoleta kuni, aliwaambia kwamba kila ukuni unamjua aliyeuleta. Moto ulipowaka alisema sasa kila ukuni unarudi kwa mwenyewe, na unaanza na aliye mdogo nyumbani mwake. Mvua iliponyesha alisema hiyo ni mvua ya chumvi, haioteshi kitu. Watoto walipotoka mbio alisema wanakimbia nyumba zao, kwa kuwa wamekwisha kujua ndani mna nini.

Sauti yake ilishuka yenyewe. Aligundua kwamba anaijua kazi hiyo ya kutisha watu. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso. Musyoka, ambaye hakujua neno la Kisomali, alimtazama mara mbili, kisha akasogeza kiti chake mbali naye.

Saa kumi na moja wanawake walikuja mlangoni kwa Kinsi, Salat akiwa hapo. Kila mwanamke aliutambua wake, kwa kifundo, kwa ganda, kwa pigo la shoka, akauchomoa na kuukumbatia. Kinsi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kumbe ilikuwa ya kuazima? Mngesema mapema, nisingezipanga."

Walikuwa karibu kumaliza alipofika Timiro. Aliuchukua ule wa Jumanne jioni, kisha akapekua rundo, akapekua tena hadi chini. Akataja ukuni mnene wa mgunga, wenye tundu la mchwa, aliotangulia kuuleta asubuhi ile.

"Ah, ule," Kinsi alisema. "Nilimchemshia maalim chai."

Timiro akakaa chini mavumbini. Wanawake wote wakasimama walipokuwa, kuni mikononi.

"Maalim," alisema. "Wangu umeshaungua. Niambie nifanye nini."

Salat alikuwa na ukweli mmoja tu: kwamba alidanganya. Akiutamka, kuni zote zingerudi mlangoni kabla jua halijazama. Aliangalia mikono ile. Akamwambia achote majivu ya jiko la Kinsi, viganja viwili, ayazike upande wa mashariki akisoma sura ya Falaq mara saba, asigeuke nyuma.

"Na mtoto?"

"Atapona," alisema Salat, ambaye majina ya wale watoto kumi na mmoja waliokufa aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa msafara uliondoka, na askari nao. Hakuna aliyemsogelea Kinsi. Jumapili Lul aliomba uji. Watoto wengi wa surua hupona, Salat alilijua hilo, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia. Darasani wanafunzi walimjibu huku wakitazama sakafu. Kwenye foleni ya maji watu walimpisha, na alipopita kina mama waliwavuta watoto wasiguswe na kivuli chake.

Jumatatu alipofungua mlango alikuta kibuyu cha maziwa kizingitini, kimefunikwa kitambaa cheupe. Miezi miwili hakuwa ameona maziwa. Akiyanywa, amekubali kuwa ana nguvu walizomdhania. Akiyamwaga, amekataa, na kukataa nako kungepewa maana yake. Aliinua macho. Milango yote ya upande wa pili ilikuwa imeachwa wazi kidogo, na gizani nyuma ya kila mmoja alisimama mtu akingoja aone atafanya lipi.