Chipu Iliyolala

Shemeji yangu, mume wa dada, hujitambulisha kama Injinia hata anapobisha hodi. Leo aliiteka meza ya karakana yangu ili anifundishe jinsi ya kuiamrisha chipu ya kompyuta kwa kuandika namba kwenye kumbukumbu yake. Akaandika moja kwenye anwani ya taa, ile sehemu ya kumbukumbu inayoiwasha. Taa haikuwaka. Akaisoma anwani ile ile, ikamrudishia sifuri. Akaandika tena huku akivipiga vitufe, kana kwamba chipu imetiwa nta masikioni. Sifuri.

"Chipu mbovu hii," akasema. "Kichwa tupu. Uliiokota jalalani?"

"Shemeji, umeiamsha?"

"Si umeme unaingia?"

Unaingia, ndiyo. Lakini kila sehemu ya chipu hii hulala mpaka uipelekee mapigo ya saa, yale mapigo ya umeme yanayoipa mwendo. Ukiiandikia kabla ya hapo haikatai wala hailalamiki. Inakurudishia sifuri tu. Mwongozo unaeleza yote hayo, ila Injinia hasomi miongozo. Yeye alizaliwa anajua.

Nikamsogeza kwa kiwiko, nikaongeza mstari mmoja wa kuipelekea mapigo juu ya mistari yake ya maagizo. Taa ikawaka.

"Umeona?" akapaza sauti ili dada asikie. "Nilijua tu itanitii!"

Dada akachungulia mlangoni, akaitazama taa, kisha akanitazama mimi.

"Hongera, baba watoto," akasema, akaondoka.

Hakukataa wala hakulalamika. Sifuri nyingine hiyo, na Injinia akaipokea kama sifa.