Jina la Shamsia Mtandaoni

Sufiani hakuwa na haya hata chembe. Alitoka kwake Segera mpaka Masuguru kwa Bi Shamsia, akaja na shikamoo mama na adabu zote, akaomba binti yake mchanga apewe jina la bibi huyo. Nani angekataa? Shamsia hakujaliwa mtoto. Siku ya akika alilia mbele ya watu, akamfunika somo yake kanga mpya, akatamka kwa sauti kwamba jina amelitoa kwa moyo mweupe.

Kumbe mwenzie alikuwa anatafuta mashahidi!

Jina hilo ndilo lililokuwa kwenye kila chupa ya asali ambayo Shamsia aliitoa Handeni na kuiuza, na alama yake ya biashara ilisajiliwa kihalali. Miaka ile ya biashara huria, hata wizi ulikuwa huria. Mwezi haujaisha baada ya akika, Sufiani akaingia kwenye kibanda cha intaneti Korogwe, akaandikisha anwani ya tovuti kwa jina la Asali ya Shamsia, akaanza kuuza maji ya sukari. Wanunuzi wa Dar walioagiza humo wakampigia Shamsia simu za matusi, naye hajui hili wala lile. Mmoja baada ya mwingine wakamkimbia.

Wakili wa Tanga alimweleza kwamba sheria inamlinda, ila lazima athibitishe kuwa Sufiani aliiandikisha anwani ile kwa nia mbaya. Na Sufiani alishajibu: ni jina la binti yake, tena mwenye jina alilitoa mwenyewe hadharani. Kutapeliwa Shamsia anakujua, lakini kutapeliwa kwa kichanga?

Akapanda basi hadi nyumbani kwa mjaa laana yule. Hakumkuta. Alimkuta mkewe, Mwaija, uani, anamlisha mtoto uji. Shamsia akameza matusi yake, akainama, akamwita somo yake kwa jina. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena. Wapi!

Mwaija aliweka kijiko chini. "Haitwi hivyo, mama. Hapa kwetu na kwa majirani wote ni Chausiku, jina la marehemu mama yangu. Hilo lako, baba yake alisema ni la kompyuta tu."

Shamsia alikaa mkekani. Magauni yote aliyoshona na kuyatuma, alimshonea mtoto asiyekuwa wake hata kwa jina. Kisha aliuliza kama Mwaija anaweza kuyasema hayo mbele ya wakili.

Mwaija alimfuta mtoto mdomo, akambeba mgongoni, akakaza kanga.

"Twende," alisema. "Mwanangu si lebo ya chupa."